Mwenye Duka Ni Yule Aliyeandikwa

Ukisikiliza malalamiko ya wanaouza mtandaoni, wawe wanauza madera, vipodozi, viatu vya mitumba au vipuri vya simu, utadhani magomvi yao na watoa huduma ni ya kila namna. Mmoja alitengenezewa tovuti ikaachwa nusu. Wa pili tovuti yake imezimwa kwa deni analosema halijui. Wa tatu alimkabidhi kijana ukurasa wake wa Instagram, wakagombana kuhusu malipo, kijana akaondoka na nywila. Wa nne anamtafuta msafirishaji aliyekusanya fedha za wateja mlangoni na sasa hapokei simu. Kila mmoja anaamini aliyemkosea ni tapeli, na matapeli wapo kweli. Hata hivyo, tukiyapanga magomvi haya pamoja na kuuliza kwa nini upande mmoja unaamuru na mwingine unabembeleza, mara nyingi tutakuta jibu kwenye maandishi ya siku ya kwanza: jina la nani liliandikwa kwenye usajili, barua pepe ya nani, laini ya simu ya nani. Bei na ucheleweshaji huanzisha maneno. Usajili ndio unaoamua ni biashara ya nani itakayosimama wakati maneno yanaendelea.

Fremu ya Kariakoo au Gikomba ina mlango na kufuli, na mpangaji anajua ufunguo uko mfukoni mwa nani. Duka la mtandaoni limetawanyika. Kuna jina la kikoa, lile wengi wanaloliita domeini, ambalo mteja huliandika ili afike dukani. Kuna seva ambako picha, bei na kumbukumbu za oda zimehifadhiwa, na mara nyingi iko nchi nyingine kabisa. Kuna programu inayoendesha duka, namba ya kupokelea malipo, laini ya WhatsApp, kurasa za mitandao ya kijamii, na mwisho bodaboda au basi linalobeba mzigo. Kila kipande kina mtoa huduma wake na masharti yake, na kila kimoja kinamtambua mtu mmoja tu kuwa ndiye mteja. Mwenye duka mdogo humpa fundi mmoja vyote avipange, kwa kuwa fundi anajua na yeye ana bidhaa za kuuza. Fundi naye huvifungua kwa njia iliyo rahisi kwake, yaani kwa akaunti yake mwenyewe. Hakuna ubaya wowote uliokusudiwa, lakini kufikia jioni duka zima limeandikwa jina la mtu ambaye si mwenye duka.

Tuanze na jina la kikoa, maana ndilo kipande ambacho kukipoteza kunauma zaidi. Kwa majina yanayoishia na .com, .net au .org, kanuni zinatoka ICANN, shirika la kimataifa linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti. Majina ya .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ya .ke yako chini ya KeNIC, kila moja kwa taratibu zake. Macho ya mfumo hayamtazami aliyelipa wala aliyebuni jina. Yanamtazama aliyeandikwa kuwa msajiliwa. Kwa kanuni za ICANN, msajiliwa akiomba namba ya siri ya kuhamishia jina lake kwa msajili mwingine, anatakiwa kupewa ndani ya siku 5. Kampuni ya usajili haiwezi kukataa uhamisho kwa sababu tu msajiliwa ana deni la kutengenezewa tovuti. Deni linaloweza kuzuia ni la ada ya jina lenyewe. Kabla ya muda kuisha, ilani hutumwa yapata mwezi mmoja kabla na tena yapata wiki moja kabla, na nyingine baada ya muda kupita. Ni ulinzi mzuri, ila unamlinda aliyeandikwa. Ikiwa aliyeandikwa ni fundi, ilani zinakwenda kwake, namba ya siri anapewa yeye, na mwenye duka aliyelipa miaka mitano mfululizo ni mtu wa nje anayeuliza habari za mali ya mwingine. Upo pia mtego mdogo unaowanasa hata walioandikwa vizuri: kuweka barua pepe ya mawasiliano inayotegemea jina hilohilo. Siku jina likizimika, barua pepe nayo imezimika, na ilani ya mwisho inakwenda kusikofunguliwa.

Gharama ya kulidai jina lililoandikwa vibaya inaonyesha uzito wa jambo hili. Tangu 1999 ICANN ina utaratibu wa usuluhishi kwa majina yaliyosajiliwa kwa hila, na kituo kinachojulikana zaidi ni kile cha WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, kilichoko Geneva. Ada ya kusikilizwa na msuluhishi mmoja, kwa jina moja hadi matano, ni dola 1,500. Jina lenyewe la .com kwa kawaida halizidi dola ishirini kwa mwaka. Na hata mwenye kulipa ada hiyo hana uhakika, kwa sababu mlalamikaji lazima athibitishe kwamba ana alama ya biashara, kwamba aliyeandikwa hana haki wala sababu halali ya kuwa na jina, na kwamba jina lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Fundi aliyesajili jina kwa ridhaa ya mteja, wakati wako pamoja na wanaelewana, ni vigumu kumwita mwizi wa tangu mwanzo. Wasuluhishi wa WIPO wamewahi kuzikataa kesi za namna hii wakisema ni magomvi ya mkataba na ziende mahakamani. Nyingine walizikubali. Mfanyabiashara wa vitenge hawezi kujenga mipango yake juu ya bahati ya aina hiyo.

Hapa mafundi wana hoja, na ni hoja yenye nguvu. Wateja hawalipi. Wanaagiza tovuti ya kurasa tano, kazi ikikaribia kwisha wanataka kumi, wanabadilisha rangi kila wiki, kisha salio likifika wanasema biashara ngumu. Fundi hana dhamana yoyote isipokuwa kile alichokishika. Fundi cherehani hatoi suti kabla ya kulipwa, fundi gari hatoi gari, na hakuna anayewaita wezi. Sheria ya mikataba tuliyoirithi inawaruhusu kushikilia kitu walichokifanyia kazi mpaka walipwe ujira wa kazi hiyo. Kwa nini fundi wa tovuti anyimwe haki ileile?

Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2014, katika shauri la Your Response dhidi ya Datateam. Datateam walikuwa wachapishaji wa majarida ya kibiashara. Your Response waliwatunzia orodha ya kielektroniki ya wasomaji wao. Walipokosana na mkataba ukavunjika, mtunza orodha akagoma kuitoa mpaka alipwe ada aliyodai. Mahakama ya chini ilimuunga mkono. Rufani ikakataa: haki ya kushikilia mali kwa sababu ya deni inahusu vitu vinavyoshikika, vyenye umbo, na orodha ya kielektroniki si kitu cha namna hiyo. Hukumu ya London haiwafungi majaji wa Nairobi wala Dar es Salaam, ila kwa nchi ambazo sheria zake za mikataba zimetoka kwenye shina hilohilo ina uzito wa kushawishi. Kwa maoni yangu iliamua sawasawa, na kwa sababu pana kuliko suala la kushikika. Gari likilala gereji, mwenye gari anakosa gari. Duka la mtandaoni likizuiwa, mwenye duka anakosa mapato ambayo ndiyo yangelipa deni, na wateja wake wanaanza kumwona tapeli. Thamani ya kinachoshikwa inaweza kuwa mara mia ya deni, na mwenye deni dogo anageuka mateka.

Kumnyima fundi silaha hiyo kusiwe kumwacha mikono mitupu. Kuna tofauti kati ya kusitisha huduma yako na kukamata mali ya mwenzako, na tofauti hii ikieleweka nusu ya magomvi inaisha. Mwenye seva ambaye hajalipwa kodi ya seva ana haki ya kuizima baada ya taarifa. Hiyo ni huduma yake. Mbunifu ambaye hajalipwa anaweza kuacha kutengeneza kurasa zilizobaki, na anaweza kuijenga tovuti kwenye anwani yake ya majaribio na kuihamishia kwenye seva ya mteja siku anapopokea awamu ya mwisho. Kazi ambayo hajaikabidhi ni yake kuizuia. Lakini jina la kikoa na kumbukumbu za oda havikuwa vyake hata siku moja. Malipo kwa awamu, theluthi kabla ya kuanza, theluthi muundo ukikubaliwa, salio kabla ya kuhamisha, yanamlinda fundi vizuri kuliko ushikaji, kwa kuwa hatari yake inakuwa ndogo wakati wote. Fundi anayekataa utaratibu huo na kung'ang'ania kusajili kila kitu kwa jina lake anasema jambo kuhusu namna anavyotarajia kumaliza ugomvi.

Wapo wanaojibu kwamba yote haya ni nadharia ya watu wenye kadi za benki. Fundi husajili kwa akaunti yake kwa sababu mteja hana kadi ya kulipia dola, ana simu yenye pesa tu. Kweli kabisa, na ndivyo majina mengi ya maduka madogo yalivyoanza maisha. Ila anayelipa na anayeandikwa ni mambo mawili. Fundi anaweza kulipa kwa kadi yake, akarudishiwa kwa simu, na bado akajaza jina, namba na barua pepe ya mwenye duka kwenye fomu. Gharama haiongezeki hata senti. Zaidi ya hapo, wako wasajili wa ndani wa .co.tz na .co.ke wanaopokea malipo ya simu. Kinachohitajika ni dakika kumi za kukaa pamoja mbele ya fomu, na barua pepe ya duka ambayo nywila yake anaijua mwenye duka.

Hakimiliki ya tovuti yenyewe nitaipita haraka, kwa sababu watu huigombania kuliko thamani yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Uingereza sheria yao ya 1988 inakwenda upande wa pili: kazi ya kuagizwa hubaki ya mtunzi mpaka kuwe na maandishi ya kuihamisha. Kwa hiyo dada wa Mombasa anayemwagiza mbunifu aliyeko Leicester amtengenezee nembo asidhani sheria ya kwao ndiyo itakayotumika. Sentensi moja kwenye ujumbe wa makubaliano inatosha kumaliza jambo hili, na tovuti iliyozeeka inaweza kujengwa upya. Jina na wateja havijengeki upya.

Seva ni habari nyingine. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza moja ya majengo ya kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na mamilioni ya tovuti yakatoweka hewani. Kampuni ndogo iitwayo Bati Courtage ilikuwa imelipia huduma ya nakala za akiba, na mkataba ulisema nakala hizo zimetengwa na seva yenyewe. Ilipozitaka, ikaambiwa zilikuwa kwenye jengo hilohilo lililoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru OVH ilipe fidia. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa mdogo dhidi ya mkubwa, na ni kweli, lakini tazama kilichomwezesha kushinda: alikuwa mteja mwenye mkataba kwa jina lake, alilipia huduma mahususi ya nakala, na maneno ya mkataba yalieleza huduma hiyo ni nini. Muuzaji aliyekodi nafasi ndogo ndani ya akaunti ya fundi wake hana hata kimoja cha hivyo. Kwa kampuni ya seva hajulikani. Anaweza kumdai fundi tu, na fundi hakuahidi chochote kwa maandishi. Mwenye duka anayepakua nakala ya bidhaa na oda zake kila mwezi na kuiweka mahali pengine amejipa ulinzi ambao hakuna mahakama itakayompa kwa haraka ileile.

Fidia yenyewe ndipo matarajio ya wenye maduka yanapogongana na sheria vibaya kuliko mahali popote. Tovuti ikizimika siku tatu kuelekea Idi, mwenye duka anadai mauzo yote ya siku tatu hizo. Mtoa huduma anajibu kwamba kodi ya mwezi ni shilingi elfu kumi na tano, na yuko tayari kurudisha ya siku tatu, yaani elfu moja mia tano. Wote wawili wanaona mwenzake amerukwa na akili. Msingi wa sheria hapa uliwekwa mwaka 1854, katika shauri la Hadley dhidi ya Baxendale. Wenye kinu cha kusaga nafaka mjini Gloucester walivunjikiwa mhimili wa mashine, wakawapa wasafirishaji waupeleke Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Mzigo ukachelewa siku kadhaa na kinu kikalala. Walidai faida iliyopotea. Mahakama ikasema msafirishaji anawajibika kwa hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili zingeitarajia walipofunga mkataba. Wenye kinu hawakumfahamisha kwamba bila mhimili ule kinu kizima kinasimama. Kanuni hiyo leo imo katika kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, na Kenya inaifuata kupitia sheria ya Kiingereza.

Maana yake kwa muuzaji wa abaya ni dhahiri. Ujumbe mmoja unaosema, "Wiki mbili kabla ya Idi ndizo ninazouza sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka, tovuti isizimike wala mizigo isichelewe," ukitumwa kabla ya makubaliano, unabadilisha kiasi anachoweza kudai baadaye. Bila ujumbe huo hasara ya msimu ni siri yake mwenyewe. Inafaa pia kusoma ahadi za seva kwa kikokotoo. Kampuni inayoahidi kuwa hewani asilimia 99.9 ya wakati inajiruhusu kuzimika karibu saa 9 kwa mwaka bila kuvunja ahadi. Inayoahidi asilimia 99, ambayo kwa sikio la kawaida inakaribia kuwa sawa, inajiruhusu zaidi ya siku 3 na nusu. Na mikataba mingi humlipa mteja kwa kumpunguzia ada ya mwezi ujao tu. Mtoa huduma naye ana kinga zake za haki: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, fundi wa tovuti wa Arusha hakuwa na la kufanya. Mkataba unaosema wazi ni matatizo gani si ya fundi unamlinda yeye, na unamzuia asiyasingizie siku seva imezimika kwa uzembe wake.

Pingamizi kubwa kuliko zote ni kwamba wauzaji wengi hawana tovuti wala fundi. Duka lao ni Instagram na WhatsApp, na huko hakuna cha kujadiliana: unabofya kukubali masharti au unaondoka. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita kwa kosa la mafundi wa kampuni yenyewe. Masharti ya Facebook yanaweka kikomo cha wajibu wake kuwa dola 100 au kiasi ulicholipa katika miezi 12 iliyopita, kipi kikubwa. Anayetumia bure anaweza kujipigia hesabu. Wengine husema basi tafuta soko kubwa lenye jina likubebe, lakini Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, kampuni ya usafirishaji ya Sendy ya Nairobi ikasimama 2023, na soko la mtandaoni la Copia likawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Ukubwa wa mtoa huduma ulipunguza wizi mdogomdogo. Haukumhakikishia muuzaji kwamba kesho duka litafunguka.

Nakubali kwamba kwenye majukwaa haya mwenye duka hawezi kuandika mkataba, lakini bado anaweza kuandikwa. Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na aliyeisajili ndiye mwenye laini. Duka linalotumia laini ya mfanyakazi kwa WhatsApp limempa mfanyakazi wateja wote, hata kama simu yenyewe ilinunuliwa na bosi. Vivyo hivyo ukurasa uliofunguliwa kwa barua pepe ya kijana wa matangazo, na Lipa Namba iliyoandikishwa kwa jina la shemeji kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyekuwa na vitambulisho. Kijana anayeendesha matangazo apewe nafasi ya usimamizi inayoweza kuondolewa, si nywila kuu. Na orodha ya wateja itunzwe nje ya jukwaa. Hapa sheria mpya zinasaidia kuliko wengi wanavyojua: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinatofautisha anayekusanya taarifa za watu kwa shughuli zake na anayezichakata kwa niaba yake. Mwenye duka ni wa kwanza, fundi ni wa pili, na sheria ya Kenya inataka wawe na mkataba wa maandishi ambamo mchakataji anafuata maelekezo tu. Fundi anayeondoka na namba za wateja na kuziuza kwa mshindani anakabili sheria hizo pia. Wajibu huo una upande wa pili: mteja ambaye namba yake imevuja atamlalamikia mwenye duka kwanza.

Msafirishaji anayekusanya fedha mlangoni anastahili neno lake, kwa sababu ndiye mtoa huduma pekee anayeshika pesa taslimu ya duka. Desturi ya kulipa mzigo ukifika imekua kutokana na wateja kutowaamini wauzaji, na muuzaji ameitatua hofu ya mteja kwa kuihamishia kwake. Bodaboda anayekaa na makusanyo ya wiki nzima amekopeshwa bila riba wala karatasi. Dawa ni mteja kulipa moja kwa moja kwenye namba ya duka kabla kifurushi hakijafunguliwa, na dereva kulipwa nauli yake kivyake. Madereva wenyewe wengi wanapenda hivyo, maana fedha taslimu huwafanya shabaha ya vibaka na ya tuhuma. Kubaki na makusanyo kunawafaa wale tu wanaozungusha fedha hizo, na hao ndio wanaokwama.

Baadhi ya wenye maduka hawaendi popote na madai yao kwa kuamini kwamba bila karatasi iliyotiwa saini hawana mkataba. Si hivyo. Makubaliano ya mdomo kuhusu huduma ni mkataba halali Tanzania na Kenya, mradi pande zilikubaliana kwa hiari juu ya jambo halali lenye malipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya inazipokea kwa masharti yake. Mazungumzo ya WhatsApp, ankara na ujumbe wa malipo ya simu vinaweza kusimama mbele ya hakimu vikitunzwa vizima bila kukatwakatwa. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021 chini ya sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Tanzania madeni yanayotokana na mikataba yanaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako lugha ya shauri ni Kiswahili.

Mahakama hizi ni nzuri zaidi kwa pesa kuliko kwa kurudisha vitu vilivyoandikwa jina la mwingine. Hakimu anaweza kumwamuru fundi arejeshe malipo ya awali kwa kazi isiyofanyika, na amri hiyo inatekelezeka kama deni lolote. Kumlazimisha msajili wa majina aliyeko Arizona abadilishe jina kwenye kumbukumbu zake kwa karatasi ya mahakama ya Kisutu au Milimani ni safari ndefu kuliko shauri lenyewe. Kwa hiyo anayedai ni bora aandike hasara zinazopimika: gharama ya jina jipya, ya kujenga upya kurasa, ya kuchapisha upya mifuko na lebo zenye anwani ya zamani, kila moja na risiti yake. Mauzo yaliyopotea yanadaiwa pia, lakini kwa daftari la mauzo ya msimu kama huo mwaka uliotangulia, lililoandikwa mauzo yalipofanyika. Makadirio yaliyoandaliwa baada ya ugomvi kuanza, hata yakiwa ya kweli, upande wa pili utayapangua kwa maswali mawili.